Tiba ya kinga na protini za ujumbe katika saratani ya ngozi iliyosambaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wagonjwa na wanaowauguza, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Siaya, Kakamega na Busia. Maswali ni yale yanayorudi kila mara kwenye foleni ya kliniki, mengine yakiulizwa kwa sauti ya chini mlangoni daktari akiwa ameshanyanyuka. Yamepewa nambari ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## Misingi

1. Saratani ya ngozi si ugonjwa wa wazungu?

Hapana. Wazungu huugua zaidi kwa sababu ngozi yao haina rangi ya kutosha kuwakinga na jua. Lakini melanoma, ambayo ndiyo inayozungumziwa sana hapa, huanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, na seli hizo kila mtu anazo. Kwa watu weusi hutokea zaidi mahali ambapo jua halifiki: kwenye wayo, kwenye kiganja, chini ya ukucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu.

Shida yetu kubwa ni kuchelewa. Doa jeusi la wayo hudhaniwa ni mwiba uliobaki ndani, au damu iliyovilia baada ya kujikwaa. Linakwanguliwa kwa wembe, linapakwa dawa hii na ile, mwaka unakatika. Doa linalopanuka na kingo zake hazilingani, au kidonda cha wayo kinachokataa kupona kwa wiki kadhaa, kikatwe kipande kidogo kipelekwe maabara. Mistari myeusi myembamba kwenye kucha nyingi ni kawaida kwetu. Wa kutilia shaka ni ule mmoja unaozidi kupanuka.

2. Daktari amesema "imesambaa". Maana yake nini?

Seli za saratani zimetoka pale zilipoanzia. Mara nyingi huanza na mitoki ya kinena au ya kwapa, kisha mapafu, ini, mifupa au ubongo. Ikifika viungo vya mbali ndiyo hatua ya nne. Hapo kisu peke yake hakitoshi tena, na ndipo inapoingia tiba ya kinga, yaani dawa zinazoachilia kinga ya mwili wako ipigane na saratani (swali la 5).

3. Protini za ujumbe ni nini hasa?

Ni protini ndogo ambazo seli hutoa ili kuambiana la kufanya: njoo hapa, ongezeka, shambulia, acha. Jina lake la kitaalamu ni saitokini. Ndani yake mna intaleukini (kwenye karatasi utaona IL-2, IL-6, IL-8 na kadhalika), intaferoni, TNF, na kemokini ambazo kazi yake ni kuita seli za kinga mahali zinapohitajika. Kila moja hushika kipokezi chake kwenye seli inayolengwa. Nyingi hufanya kazi karibu na pale zilipotolewa na hazidumu.

Kama umewahi kuugua malaria, na huku ziwani ni nani hajawahi, basi unazijua tayari. Kile kitetemeshi kinachokufanya uombe blanketi la tatu saa saba mchana huletwa zaidi na TNF, IL-1 na IL-6 ambazo mwili wako wenyewe unazimwaga vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu. Kumbuka hilo hadi ufike swali la 13.

4. Nimesikia pia kuhusu BRAF. Nayo ni saitokini?

Si saitokini. BRAF ni protini inayopitisha ishara ndani ya seli, ikiiamuru ikue na kugawanyika. Jeni yake ikiharibika, amri hiyo haizimwi. Takriban nusu ya melanoma za ngozi za wazungu zina hitilafu hiyo, na kuna vidonge vinavyoizima. Melanoma ya wayo huwa nayo mara chache zaidi. Nyingine zina hitilafu ya KIT. Kwa hiyo kipande chako kikienda maabara, uliza kama jeni hizi zitapimwa, hasa kwa kuwa melanoma ya wayo huitikia tiba ya kinga kwa kiwango cha chini kuliko ile ya jua.

5. Tiba ya kinga ni kemo ya aina nyingine?

Hapana, ingawa zote huja kwa dripu na mara nyingi kwenye chumba kimoja. Kemo huua seli zinazogawanyika haraka. Tiba ya kinga haiigusi saratani yenyewe. Fikiria fahali wa Kakamega aliyefungwa kamba kwenye kigingi: nguvu anazo, adui anamwona, kamba haimruhusu. Seli T, askari wa kinga ya mwili wako, ndizo fahali huyo. Kamba zake zina majina: PD-1, CTLA-4, LAG-3. Dawa ni kingamwili, yaani protini ya kinga iliyotengenezwa kiwandani, inayokata kamba. Haimpi fahali nguvu mpya. Na akishafunguka, hakuna anayemwonyesha mpaka wa shamba la saratani na shamba la mwenyewe, na hapo ndipo madhara yote ya kuanzia swali la 13 yanapotoka.

Dawa zenyewe ni ipilimumabu (Yervoy), ya kamba ya CTLA-4, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Pembrolizumabu (Keytruda) na nivolumabu (Opdivo), zote za PD-1 na zote za mwaka 2014. Na relatlimabu, ya LAG-3, inayopewa pamoja na nivolumabu, mwaka 2022. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2018 kwa kugundua njia hii.

## Kinachotokea kwa protini hizo

6. Nikishawekewa dripu, protini gani hupanda?

Ya kwanza kutajwa ni intaferoni gama. Seli T iliyoachiliwa ikiitambua seli ya saratani, huimwaga pale pale. Intaferoni gama huilazimisha seli ya saratani ionyeshe vitambulisho vyake juu ya ngozi yake, na huziamsha seli za jirani zitoe kemokini mbili, CXCL9 na CXCL10. Hizo huita seli T zaidi kutoka kwenye damu, nazo zikifika hutoa intaferoni zaidi. Mzunguko huu ukishika, uvimbe ambao ulikuwa hauna seli za kinga hujaa seli hizo. Kwa wagonjwa wengi CXCL9 na CXCL10 huonekana zimepanda kwenye damu ndani ya wiki chache za mwanzo.

IL-2 nayo huongezeka karibu na seli T, kwa kuwa ndiyo inayozifanya zizaane. Lakini sehemu kubwa ya haya yote hutokea ndani ya uvimbe na kwenye mitoki, si kwenye mshipa wa mkono unaotobolewa na mtu wa maabara. Hili ni muhimu kwa swali la 10.

7. Kama intaferoni gama inafanya kazi nzuri hivyo, mbona wengine hawaponi?

Kwa sababu ujumbe ule ule hubeba mambo mawili. Seli ya saratani ikiguswa na intaferoni gama hujikinga kwa kuotesha PD-L1 juu yake, ambayo ndiyo mkono unaovuta kamba ya PD-1. Ndiyo maana dawa ya PD-1 hufanya kazi vizuri zaidi kwenye uvimbe ambao vita ilikuwa tayari imeanza: intaferoni ipo, PD-L1 ipo, kinachokosekana ni kukatwa kwa kamba tu.

Kuna saratani zinazokwenda mbali zaidi. Zinaharibu jeni za JAK1 au JAK2, ambazo ndizo hupokea ujumbe wa intaferoni ndani ya seli. Tangu hapo seli T inaweza kumwaga intaferoni itakavyo. Seli ya saratani haisikii. Nyingine hupoteza protini iitwayo B2M, na bila hiyo kitambulisho hakisimami juu ya seli. Nyingine hujizungushia TGF-beta na IL-10, saitokini za kutuliza, na seli T hubaki nje ya uvimbe. Mgonjwa ambaye dawa imemkataa hajafanya kosa la chakula wala la imani. Lisemwe wazi, kwa sababu jamaa huwa wepesi kutafuta wa kulaumiwa.

8. Kwa hiyo saitokini zikipanda ni habari njema?

Inategemea ni ipi, wapi na lini. IL-6 ikiwa juu kabla ya tiba kuanza, wagonjwa huwa na matokeo mabaya zaidi kwa jumla. IL-8 pia: uvimbe wenyewe huitengeneza, nayo huita chembe nyeupe ambazo badala ya kusaidia seli T huzizuia. IL-8 ikishuka mapema baada ya dripu za kwanza, huwa ni dalili nzuri. Intaferoni gama ndani ya uvimbe ni nzuri, lakini intaferoni hiyo hiyo ndani ya utumbo huleta kuhara damu. Anayekuambia "saitokini zako ziko juu, hongera" au "pole" bila maelezo zaidi, hajakuambia kitu.

9. Kwa nini wasitudunge hizo protini moja kwa moja?

Walianza hivyo. Intaferoni alfa iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa melanoma na wako hatarini kurudiwa. Ilileta homa, uchovu na huzuni nzito kwa miezi mingi, kwa faida ndogo. IL-2 ya kipimo kikubwa ilifuata mwaka 1998 kwa melanoma iliyosambaa. Kati ya wagonjwa 270 waliochunguzwa, asilimia 16 waliitikia, na asilimia 6 uvimbe wote ulitoweka, baadhi yao kwa miaka mingi. Wachache, lakini ndio waliothibitisha kwamba kinga ya mwili inaweza kuifuta melanoma ya hatua ya nne.

Bei yake ilikuwa kali. IL-2 ikijaa kwenye damu, mishipa midogo huvuja maji, presha huanguka, mapafu na figo huhangaika. Ilihitaji wodi yenye uangalizi kama wa ICU. Mtu akikupa leo "sindano ya saitokini" kwenye kliniki ya mtaani, toka.

Hata hivyo wazo lenyewe halikufa. Dawa ya T-VEC, ya mwaka 2015, ni virusi vya hepesi vilivyorekebishwa vibebe jeni ya saitokini iitwayo GM-CSF na kudungwa ndani ya uvimbe wenyewe. Na mwaka 2024 Marekani iliidhinisha lifileuseli: seli T hutolewa kwenye uvimbe wa mgonjwa, huzalishwa kwa mabilioni maabara, hurudishwa mwilini, kisha hufuatiwa na dozi za IL-2 ili ziishi.

## Vipimo

10. Naweza kupimwa saitokini hapa Kisumu au Nakuru?

Hapana haja. Hakuna saitokini hata moja ambayo kipimo chake kinaamua leo nani apewe dawa hizi na nani asipewe. Watafiti huzipima, na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kisian wana historia ndefu ya kuchunguza kinga ya mwili dhidi ya malaria, lakini hiyo ni kazi ya utafiti, si dirisha la kupeleka karatasi yako ya kliniki.

Pesa zako ziende kwenye vipimo vinavyobadilisha uamuzi: LDH (kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu), ambayo imo kwenye upangaji wa hatua ya melanoma, ini na figo, sukari, tezi ya shingo, hesabu ya damu, CT skani. CRP ni ya bei nafuu na hukupa fununu ya IL-6, kwa sababu ini hutengeneza CRP likiamriwa na IL-6. Ila malaria, kifua na hata jipu huipandisha pia.

11. Uvimbe umekuwa mkubwa baada ya dripu ya pili. Dawa imeshindwa?

Mara nyingi, kwa bahati mbaya, ndiyo, saratani inakua. Lakini kwa wagonjwa wachache uvimbe huvimba kwanza kwa sababu umejaa seli T na maji yaliyovutwa na saitokini, kisha hupungua. Namna ya kutofautisha ni hali ya mgonjwa. Anayekula vizuri, maumivu yamepungua na LDH haipandi, anaweza kuongezwa muda na kurudia skani baada ya wiki 4 hadi 8. Anayedhoofika asisubirishwe kwa matumaini.

12. Dawa mbili ni bora kuliko moja?

Zina nguvu zaidi na zinauma zaidi. Utafiti mmoja wa wagonjwa 945 uliwafuatilia kwa miaka 10. Waliopewa nivolumabu pamoja na ipilimumabu, asilimia 43 walikuwa hai. Nivolumabu peke yake, 37. Ipilimumabu peke yake, 19. Kabla ya dawa hizi, wagonjwa wengi wa hatua ya nne hawakumaliza mwaka. Lakini karibu 6 kati ya 10 waliopewa dawa mbili walipata madhara makali, kwa kuwa kamba mbili zikikatwa saitokini humwagika nyingi zaidi na katika viungo vingi zaidi. Mtu anayeishi Mbita au Budalang'i, mbali na hospitali yenye daktari wa saratani, ana sababu ya haki ya kuchagua moja. Zungumza na daktari wako kuhusu umbali huo bila aibu.

## Madhara

13. Nina homa wiki mbili baada ya dripu. Ni malaria au ni dawa?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote katika kaunti za ziwani. Homa ya malaria na homa ya dawa hupitia saitokini zile zile (swali la 3), hivyo mwili hauwezi kukuambia tofauti. Pima malaria siku hiyo hiyo. Ikiwa haipo, usirudi nyumbani na Panadol. Mjulishe daktari wa saratani. Ikiwa ipo, tibiwa, lakini usiishie hapo: watu wazima wengi wa huku hutembea na vimelea bila kuugua, kwa hiyo kipimo chanya hakithibitishi kwamba homa imeletwa na malaria. Homa isiyoshuka siku ya tatu ya AL (dawa ya malaria), au inayokuja na kuhema, kifua kubana, macho ya njano au kuchanganyikiwa, ni dharura. Mapafu, moyo na ini vyote vinaweza kushambuliwa, na moyo, ingawa ni nadra, hausubiri.

14. Ninahara. Nikanunue Flagyl kwenye duka la dawa?

Usinunue. Seli T zikiingia kwenye utumbo na kumwaga intaferoni gama, TNF na IL-17, utando wa ndani huchubuka. Hiyo haitibiwi kwa Flagyl. Ukienda choo mara nne au zaidi kuliko kawaida yako kwa siku, au ukiona damu, piga simu kliniki siku hiyo. Watapima choo ili kuondoa kipindupindu na amiba, lakini matibabu ya steroidi (dawa za kutuliza kinga, kama prednisolone) hayafai kucheleweshwa kwa wiki nzima. Utumbo unaweza kutoboka.

15. Nimeanza kuwa na mabaka meupe mkononi na usoni. Watu wanasema ni ukoma.

Si ukoma na haiambukizi. Seli T zinazoitambua melanoma huzitambua pia seli za kawaida zinazotengeneza rangi, kwa kuwa ni ukoo mmoja, nazo huziua. Kwa mgonjwa wa melanoma mabaka haya huambatana na dawa kufanya kazi vizuri. Najua kuambiwa hivyo hakupunguzi macho ya watu sokoni Kibuye. Paka losheni ya kukinga jua kwenye mabaka, na kama itasaidia, muombe daktari amweleze mwenzi wako au mama mkwe ana kwa ana.

16. Prednisolone haitaua kazi ya dawa?

Steroidi huzima saitokini nyingi kwa pamoja, kwa hiyo hofu hiyo ina mantiki. Inayotumiwa kwa sababu nyingine kabla ya tiba kuanza, zaidi ya miligramu 10 kwa siku, huhusishwa na matokeo duni. Lakini inayotolewa kutibu madhara yaliyokwisha kutokea haijaonekana kuharibu matokeo kwa kiasi cha kumnyima mgonjwa. Meza kama ulivyoandikiwa, na usiiache ghafla; hupunguzwa polepole kwa wiki 4 au zaidi.

Steroidi zikishindwa, kuna dawa zinazolenga ujumbe mmoja: infliximabu huzuia TNF na hutumika kwa utumbo, tosilizumabu huzuia IL-6. Infliximabu inaweza kuamsha TB na hepataitisi B, kwa hiyo vipimo hivyo vifanywe mapema, hata kabla ya dripu ya kwanza.

## Hali maalum

17. Nina VVU. Nitanyimwa?

VVU peke yake si sababu ya kukunyima. Watu wanaotumia ARV vizuri wamepewa dawa hizi na madhara yao yamefanana na ya wengine. Endelea na ARV bila kuruka hata siku moja, na kliniki mbili zijuane: beba kadi zote mbili.

18. Niliwahi kuugua TB.

Sema mapema. Kumekuwa na wagonjwa ambao TB iliamka baada ya dawa ya PD-1. Sababu yake inashangaza kidogo: intaferoni gama inahitajika kuidhibiti TB, lakini ikizidi hubomoa mapafu, na panya wasio na PD-1 hufa kwa TB haraka kuliko panya wa kawaida. Kikohozi kipya kipimwe makohozi na kupigwa eksirei. Inaweza kuwa TB, inaweza kuwa mapafu yameshambuliwa na kinga.

19. Yangu ni Kaposi. Haya yote yananihusu?

Kwa sehemu ndogo. Saratani ya Kaposi huletwa na virusi, HHV-8, ambavyo vimejitengenezea IL-6 yao ya bandia ya kuchochea seli zikue. ARV ndizo msingi wa matibabu, na kemo huongezwa ikihitajika.

20. Mwanangu ana ualbino.

Kwao saratani za kawaida si melanoma bali zile za seli za juu ya ngozi, zinazoletwa na jua. Zikikatwa mapema huisha. Zikisambaa, kuna semiplimabu, dawa ya PD-1 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina mojawapo. Lakini kofia, mikono mirefu na losheni vina thamani kuliko dripu yoyote. Losheni hugawiwa kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

21. Mwarobaini na dawa nyingine za kuongeza kinga?

Kinga yako haijapungua, imeachiliwa. Baadhi ya mitishamba huumiza ini, na ini likipanda kwenye vipimo daktari hatajua alaumu dripu au sufuria. Mboga, samaki na matunda kula utakavyo.

22. Naweza kushika mimba?

Subiri. Kondo la nyuma hutumia PD-L1 kumkinga mtoto dhidi ya kinga ya mama. Tumia uzazi wa mpango wakati wa tiba na miezi 4 baada ya pembrolizumabu ya mwisho, 5 kwa nivolumabu.

23. Nitapata wapi, na kwa shilingi ngapi?

Kliniki za saratani ziko JOOTRH, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia, hospitali ya rufaa ya Moi Eldoret na ile ya kaunti Nakuru. Dripu moja hugharimu laki kadhaa, na huja kila baada ya wiki chache, kutegemea dawa. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina kikomo cha saratani kwa mwaka kwa kila familia, na kikomo hicho huisha upesi. Kabla ya dozi ya kwanza muulize afisa wa ustawi wa jamii hospitalini kuhusu mipango ya msaada ya watengenezaji dawa. Kuanza kwa harambee na kukwama baada ya dripu mbili ni hasara ya kila namna.

24. Nikimaliza, protini hurudi kawaida lini?

Polepole. Dawa ya PD-1 huendelea kukalia seli T kwa zaidi ya miezi miwili baada ya dripu ya mwisho, na madhara mapya yanaweza kujitokeza hata baada ya miezi mingi. Tezi ya shingo au ya adrenali ikishaharibika, kwa kawaida hairudi, na vidonge vinakuwa vya maisha. Kwa hiyo ukienda zahanati yoyote, hata baada ya mwaka, kwa kizunguzungu, kiu isiyoisha au kuhara, taja jina la dawa kabla hujataja dalili, na picha ya kadi ya kliniki ikae kwenye simu yako na ya mtu mwingine nyumbani.